Wananistahi, Lakini Hawaniulizi

Msomaji wa Majengo, Mombasa, ambaye ameomba jina lake lihifadhiwe, anauliza:

"Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa miaka 62. Nilistaafu miaka miwili iliyopita kutoka kazi ya ukarani wa hesabu serikalini. Mume wangu alikuwa kuli bandarini Kilindini na alifariki zamani, na nyumba tunayokaa niliijenga mimi kwa mshahara wangu. Nina watoto watatu: wa kwanza yuko Nairobi, wa pili yuko Doha, na kitindamimba niko naye hapa. Wananitunza sana, hawaniachi nishike hata ufagio. Lakini mwezi uliopita nilisikia kwa jirani kwamba wamekubaliana na fundi kuibomoa nyumba wapandishe ghorofa. Nilipouliza nikaambiwa, 'Mama, wewe pumzika, haya tuachie sisi.' Tena nimeposwa na mwanamume wa makamo yangu, mtu na heshima zake, na wanangu wamesema ni aibu. Hata harusini nakalishwa kiti cha mbele, jikoni sifiki. Na mwezi ujao mpwa wangu anaolewa. Je, ni mila zetu zinazosema mtu akizeeka akae kando, ama ni mambo ya siku hizi? Na nifanye nini?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na jibu fupi, kwa sababu naona fundi keshaanza kupima kuta: mila za pwani hazikusema kwamba mtu akizeeka akae kando, na wanao nao hawakukosa adabu kwa maana tuliyoizoea. Kilichokupata ni kwamba heshima na shauri, mambo mawili ambayo katika miji yetu yalikuwa yakienda pamoja, yametenganishwa. Wewe umeachiwa heshima, na shauri limehamia kwingine. Kwa kuwa heshima yenyewe imebaki kamili, pamoja na kubusiwa mkono, kiti cha mbele na kunyang'anywa ufagio, kila unapotaka kulalamika unajiona mtovu wa shukrani. Hulalamiki bure. Lakini ili ujue la kufanya ni lazima kwanza tuone utengano huo ulivyotokea, maana wanao wanafuata mwenendo ambao hawakuubuni wao.

Zamani mkubwa alistahiwa kwa kuwa alikuwa na kazi ambayo haikufanyika bila yeye. Posa haikupelekwa na kijana. Ilipelekwa na watu wazima waliojua nasaba za nyumba zote mbili, na waliojua pia nani alinyonyeshwa na nani, jambo ambalo kwa Waislamu linaweza kuibatilisha ndoa, kwa kuwa walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu hata kama hawakuzaliwa pamoja. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa vichwani mwa akina bibi. Mwari alifundwa na somo wake, na somo hawi msichana. Mzazi aliyejifungua alikaa arobaini yake chini ya mikono ya mkunga na ya mama yake, akikandwa, akifungwa tumbo na kufundishwa kumshika mtoto. Katika vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, vilivyovuma hapa Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wanawake walikuwa na vyeo vyao, na cheo kilipanda kwa miaka na kwa karamu ulizozitoa, hata mwanamke wa makamo akawa na sauti ambayo binti wa miaka ishirini hakuiota. Tunaposema kwamba penye wazee haliharibiki neno, methali hiyo inachukulia kuwa wazee wenyewe wapo pale neno linapozungumzwa. Haimhusu mzee aliyeandaliwa chai ya tangawizi chumba cha pili wakati neno linapitishwa ukumbini.

Majirani zetu Wamijikenda walilipanga jambo hili kwa uwazi zaidi. Watu walipita katika marika, rika likipanda pamoja hatua kwa hatua, mpaka wakubwa wakaingia katika baraza la wazee liitwalo kambi, lililotawala kaya, yaani mji wao wa asili ndani ya msitu, likiamua kesi, matambiko na matumizi ya msitu. Misitu ya kaya ambayo UNESCO iliiandikisha kuwa urithi wa dunia mwaka 2008 imesalia mpaka leo, kwa kiasi kikubwa, kwa sababu wazee walikuwa na mamlaka ya kukataza mti usikatwe. Mtu akizeeka katika utaratibu huo hastaafu, anafika.

Hata hivyo tusiipambe mila kupita kiasi. Katika kaunti jirani ya Kilifi, miaka hii yetu, wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mvi na macho mekundu yakafanywa ushahidi. Pale Kaya Godoma ilibidi pawe na hifadhi ya wazee waliokimbia jamaa zao wenyewe. Wanaofuatilia visa hivyo wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma huwapo shamba, na kijana anayesubiri kurithi. Ni watu wale wale na ardhi ile ile ambayo juu yake mzee wa kambi aliogopwa. Siyataji haya kukutisha, wala sisemi kwamba wanao wako karibu na jambo kama hilo. Nataka tu uone kwamba heshima ya uzee haijilindi yenyewe kwa kuwa imeitwa mila. Hudumu pale mzee anapokuwa na sehemu katika shughuli inayoendelea, na huwa hatarini pale anapoonekana amekalia mali ambayo wengine wana mipango nayo.

Wanasayansi wamelikuta jambo hili hata walikokuwa hawatafuti mila. Kwa Wahadza, watu wa kuwinda na kuchuma porini wa upande wa Ziwa Eyasi, Tanzania, mtaalamu wa Marekani Kristen Hawkes na wenzake waliona katika miaka ya 1980 na 1990 kwamba wanawake waliokwisha pita umri wa kuzaa ndio waliokuwa wakishinda porini kuchimba mizizi, na kwamba mama akishapata mtoto mchanga, afya ya mtoto wake mkubwa ilitegemea sana kazi ya bibi. Kutokana na hayo wakatoa hoja kwamba huenda binadamu aliumbika kuishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi kwa sababu bibi ana faida. Hoja hiyo ingali inajadiliwa, lakini mimi huipenda kwa jambo moja: inamwona mwanamke wa miaka sitini akiwa na kijiti cha kuchimbia mkononi, na hakuna aliyemwambia apumzike.

Basi utengano umetoka wapi? Mwaka 1972 Wamarekani wawili, Cowgill na Holmes, walieleza kwamba kadiri jamii inavyoingia katika shule, hospitali, mishahara na miji mikubwa, ndivyo hadhi ya wazee inavyoshuka, kwa kuwa maarifa na riziki hupatikana mahali pengine. Kwa sehemu wamesema kweli. Mkunga amepokonywa kazi na wodi ya uzazi, somo anashindana na simu, na kijana mwenye mshahara Nairobi haombi shamba kwa babake. Lakini maelezo hayo hayatoshi kwa Mombasa, kwa sababu hapa akina mama wengi wa rika lako ndio wenye nyumba. Wewe huishi kwa mwanao. Wanao ndio waliokulia kwako, na mmoja angali analala humo. Mali haijakutoka mkononi. Kilichotoka ni mazungumzo.

Na mazungumzo yamehamia wapi? Nakuuliza jambo dogo: wanao watatu wana kundi la WhatsApp la familia, na wewe umo? Na kama umo, hakuna lingine ambalo humo? Familia ambayo mmoja yuko Nairobi, mwingine Doha na mwingine Majengo haina tena baraza la nje wala sinia moja la chakula. Shauri lao hukaa usiku, kwenye simu, wakati mama amelala. Anayetuma pesa ndiye mwenye neno, na anayepokea huonekana ametimiziwa haki yake kwa kupokea. Hili si letu peke yetu. China, nchi yenye sifa ya karne nyingi ya utiifu kwa wazazi, ilifikia mwaka 2013 kutia katika sheria kwamba watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao au wawasalimu mara kwa mara. Jamii inayoiheshimu mila hiyo haiiandikii sheria ila pale miji na ajira zimekwisha kuitikisa.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya Mombasa hasa, na naona ndiyo inayoeleza lile neno "pumzika." Marehemu mumeo alikuwa kuli. Kabla ya makontena kuenea bandarini, mizigo ya Kilindini ilipita mabegani mwa watu, gunia baada ya gunia, na mwanamume aliyefika miaka hamsini na mitano akiwa na mgongo mzima alikuwa na bahati. Kwa watoto waliomwona baba akirudi jioni akikandwa kwa mafuta moto, hakuna zawadi kubwa kuliko kumwambia mzazi, "Basi, sasa keti." Wanakupa wewe kile ambacho baba yao alikihitaji. Wamesahau kwamba mgongo wako haukuchoka kwa magunia. Kwa miaka yote hiyo ulikuwa ukikagua vocha na kukataa kutia sahihi hesabu isiyolingana. Karani wa hesabu akiambiwa asiulize habari za pesa amepewa adhabu, hajapewa likizo.

Halafu pana ile namba 60, umri uliostaafia. Watu huichukulia kama mpaka uliowekwa na mwili, kumbe uliwekwa na ofisi. Ujerumani ya Bismarck ilipotunga pensheni ya uzeeni mwaka 1889 ilichagua miaka 70, ikaishusha hadi 65 mwaka 1916. Hapa Kenya mtumishi wa Serikali alikuwa akistaafu akiwa na miaka 55 mpaka mwaka 2009 ulipoongezwa umri huo ukawa 60, kwa hiyo mtu wa miaka 55 aliyekuwa atoke kwa kuwa amezeeka, kwa waraka mmoja akawa kijana tena kwa miaka mitano. Katiba ya 2010 nayo, katika kifungu cha 260, inamhesabu kuwa mzee aliyezidi miaka 60. Serikali inahitaji namba ili ijue nani alipwe nini na lini. Ni haki yake. Kosa ni familia kuichukua namba ya ofisi na kuifanya tabia ya mtu, kana kwamba Ijumaa ya mwisho kazini uliondoka na akili na Jumatatu hukurudi nayo.

Hata wasomi waliwahi kulitetea kosa hili. Mwaka 1961 Elaine Cumming na William Henry, waliochunguza watu wazima wa mji wa Kansas City, Marekani, walidai kwamba ni jambo la kawaida, tena lenye manufaa kwa pande zote, mzee na jamii kuachana polepole. Nadharia hiyo ilipingwa mapema, na utafiti uliofuata uliiacha na wafuasi wachache, kwa kuwa wazee wengi waliojitenga walikuwa wametengwa. Mwaka 1969 daktari Robert Butler akalipa jina lile jambo lenyewe, akiliweka sambamba na ubaguzi wa rangi na wa jinsia: ubaguzi wa umri. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inakadiria kwamba duniani mtu mmoja katika kila wawili ana mtazamo wa kuwabagua wazee. Ubaguzi huo haulazimiki kuja kwa matusi. Aghalabu huja kwa upole, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kwa kumjibia mama swali aliloulizwa yeye na daktari.

Wala madhara yake hayaishii moyoni. Mwaka 2002 Becca Levy na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wa mji mmoja wa jimbo la Ohio waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka ishirini, wakaona kwamba waliokuwa na fikra njema juu ya kuzeeka kwao waliishi kwa wastani miaka saba na nusu zaidi ya wenye fikra mbaya, hata baada ya kuzingatia afya, jinsia na kipato. Matokeo ya namna hii hayathibitishi kwamba fikra peke yake ndiyo iliyorefusha umri, na Ohio si Majengo. Lakini yanatosha kukufanya ujisikilize. Mama anayejiita "mimi mtu wa kaburini" kila anapoulizwa hali amewarahisishia wenzake kumwacha nje ya mipango ya mwaka kesho.

Ukitaka mizani ya kuyapimia mambo haya, unayo miwili iliyo karibu nawe. Wa kwanza ni Katiba, kifungu cha 57, kinachotaja haki nne za wazee. Hebu angalia mpangilio wake: ya kwanza ni kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, ya pili kujiendeleza, ya tatu kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa, na ya nne, ya mwisho kabisa, kupata matunzo na msaada wa kiasi kutoka kwa jamaa na kwa Serikali. Wanao wameanza na ya nne, wakaishia hapo hapo. Kwa upande wake Serikali nayo haifiki mbali, maana pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni za aliyefikisha miaka 70, na hazitoshi kumfanya mtu awe na sauti nyumbani kwake. Mizani wa pili ni Kurani, sura ya 17, aya ya 23, ambayo wanao bila shaka waliihifadhi madrasani: wazazi wakifikia uzee, wasiambiwe hata "uff," wala wasikemewe, na waambiwe kauli ya heshima. Wengi wetu tumeishika sehemu ya kwanza tu, tukadhani kuwa kunyamaza mbele ya mzazi kunatosha. Aya inaamrisha kauli. Hakuna njia ya kumwambia mama kauli ya heshima juu ya nyumba yake bila kumweleza habari za nyumba yake.

Sasa nyumba. Uliijenga wewe, kwa pesa yako, kwa hiyo ni mali yako peke yako, na mirathi ya Kiislamu haifunguliwi mwenye mali akiwa hai. Wanao hawana fungu lolote leo. Wana matumaini tu. Lakini kuna jambo ambalo nadhani aliye Nairobi na aliye Doha hawalijui vizuri kama wewe, nalo ni ardhi. Majengo, kama mitaa mingi ya Mombasa, ina nyumba nyingi za mtindo tunaouita nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ana kuta na paa, kiwanja ni cha mtu mwingine, na kila mwezi kodi ya ardhi hulipwa. Kama yako ni hivyo, ghorofa haianzi na fundi. Inaanza na ridhaa ya mwenye ardhi na kibali cha kaunti, na anayebomoa kabla ya kuvipata anaweza kujikuta hana nyumba wala haki ya kujenga nyingine. Tena ile sheria ya mwaka 2020 inayoruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake inasimama juu ya hati ya ardhi au ukodishaji wa muda mrefu. Haiwezi kuwasaidia wanao kugawana orofa zilizo juu ya kiwanja kisicho chenu. Stakabadhi za kodi ya ardhi za miaka yote hiyo zimo kabatini mwako, si kwenye simu ya Doha. Hapo ndipo ulipo ule ujuzi ambao shughuli haiendi bila yeye aliye nao, kama nasaba walizozijua akina bibi wa posa.

Ushauri wangu si ukatae ghorofa. Nyumba ya udongo na mabati inayohitaji kukarabatiwa kila masika si ya kung'ang'ania kwa ajili ya kuonyesha nani mkubwa. Ila usitie sahihi karatasi yoyote, wala usiseme "nimewapa" hata kwa mzaha, kabla ya kukaa na wakili na kuandika nani analipa nini, wewe unakaa wapi wakati wa ujenzi, na nani anapokea kodi ya wapangaji ujenzi ukiisha. Kama wanao wako tayari kulipia orofa za juu, na ardhi inaruhusu, waandikiwe haki juu ya hizo walizozijenga, na chini pabaki pako. Wazazi wengi huitoa nyumba yote kama hiba, yaani zawadi, kwa kuona aibu kuandikiana na watoto waliowazaa, kisha huanza kuomba ruhusa ya kumkaribisha mgeni.

Ndoa nitaitenga na nyumba, ingawa wanao, nahisi, wameviunganisha. Mjane kuolewa si aibu katika dini wala hapa kwetu. Bi Sauda bint Zamaa alikuwa mjane mtu mzima alipoolewa na Mtume, na watoto wa mitaa ya Mombasa wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu. Aibu wanayoitaja wanao ni jambo la karibuni, nayo hutoka katika picha ya mama asiye na haja wala usingizi wa upweke, picha ambayo haibandikwi kwa baba: mwanamume wa miaka 65 akiposa, watu huuliza tu kama atamudu mahari. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mjane haozwi bila kauli yake mwenyewe, na mtoto wa kiume hawi walii, yaani msimamizi wa kumwoza, wa mama yake kwa kuwa tu amezaliwa naye. Walii wako atatafutwa upande wa babako: ndugu yako, mtoto wa ndugu yako, ami yako. Wakikosekana au wakikataa bila sababu ya kisheria, kadhi hushika nafasi hiyo. Kwa hiyo wanao hawaombwi ruhusa. Wanapewa habari, kwa stara, na wewe mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hawajaisikia barazani.

Lakini kuwa mwadilifu kwao pia, maana ndani ya hofu yao kuna hesabu ya kweli. Ukiolewa, mali yako inabaki yako. Mume hapati chochote kwa kuoa. Ukifa ukiwa mkewe, hata hivyo, yeye ni mrithi, na kwa kuwa una watoto fungu lake ni robo. Robo ya nyumba ya Majengo si kitu kidogo kwa mtoto aliyekwisha kuipigia hesabu ya ghorofa. Naye akikutangulia, utarithi thumni, yaani sehemu moja ya nane, ya mali yake kama ana watoto, na wanawe watakuwa na maneno yale yale. Wasia haukusaidii kuligeuza hilo, kwa sababu hauzidi theluthi na haumwendei mrithi ila wenzake waridhie. Njia iliyobaki ni kupanga mambo mkiwa hai, kwa mkataba wa orofa nilioutaja au kwa hiba iliyo wazi ya sehemu maalumu, na mposaji ajue tangu mwanzo ni nyumba ipi anaingia. Kama ni mtu wa heshima zake kama ulivyoandika, hatalichukia swali. Nenda ofisi ya kadhi kabla ya akdi ukaulize mafungu haya yote kwa kinywa chako, na umchukue kitindamimba chako asikie.

Lipo la upande wako, nalo nalisema kwa hofu ya kukuudhi. Kabla hujaita kikao, pima masikio. Kupungukiwa usikivu huanza taratibu katika umri wetu, mwenye nalo huwa wa mwisho kulitambua, na watu wa nyumbani huchoka kurudia maneno kabla hawajajua kwamba wamechoka. Basi huanza kuamua bila kusema. Mtoto wa jicho naye hivyo hivyo: asiyesoma karatasi husomewa, na anayesomewa husomewa kinachotakiwa asikie. Nimeona familia zilizodhaniwa zina ugomvi mkubwa, kumbe mzee alihitaji kifaa cha kusikia. Halafu jiulize kama tangu ustaafu umewahi kusema, kwa uchovu au kwa deko, "fanyeni mnavyoona." Watoto huliweka akiba neno kama hilo.

Kikao kiite wewe, nyumbani kwako, siku ambayo wa Nairobi ataweza kuja na wa Doha kuwa hewani. Usianzie kwa jumla. Zungumza kwanza na mkubwa faraghani, kwa sababu mtoto wa kwanza akikosolewa mbele ya wadogo zake atatetea cheo badala ya kutetea hoja. Mwite na mjomba wao, au mtu mzima mwingine ambaye pande zote zinamwogopa kidogo. Usizungumzie heshima, kwa kuwa watakuonyesha heshima yote waliyokupa na utashindwa. Weka mezani stakabadhi za kodi ya ardhi, makadirio ya fundi na kalamu, kisha waulize maswali ambayo karani angewauliza: fedha zinatoka wapi, mwenye ardhi ameridhia lini, kibali nambari ngapi. Wakishindwa kujibu, wataelewa wenyewe kwa nini mama alitakiwa awepo. Wakijibu vyema, utajua kwamba mipango iko katika mikono mizuri, na utaipitisha ukiwa unajua unachokipitisha.

Ama harusi ya mpwa wako, usingoje kupangiwa. Mpigie simu mama wa bibi harusi wiki hii na umwombe kazi moja yenye jina: uandike daftari la matumizi na michango, au usimamie hesabu ya mchele na nyama ya pilau. Katika harusi za Mombasa huko ndiko pesa zinakovuja na dada hawasemezani baada yake, na sidhani atakukatalia. Kiti cha mbele mwachie wifi yako mwenye magoti mabovu.